Jinsi ya Kuamua Kujiunga na Umeme wa Jiji Ukiwa Umeshajiunga

Barua itakuja katika bahasha yenye nembo ya jiji, imebanwa kati ya kipeperushi cha piza na tangazo la kadi ya mkopo. Kama unaishi Lowell, Worcester, Boston au mji mwingine wa Massachusetts ulioamua kuwanunulia wakazi wake umeme kwa pamoja, basi hii ndiyo barua yenyewe. Ipokee. Ifungue. Hadi hapo umeshawapita majirani zako wengi, na mwongozo huu ungeweza kuishia hapa kwa heshima zote. Ila usijisifu mno: umeifungua kwa sababu ulidhani ni ya uhamiaji.

Kwanza, tazama imeandikwa kwa jina la nani. Katika zile nyumba za ghorofa tatu ambamo watu wetu hupokezana vyumba, kuna kanuni ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna anayeivunja: bili ya umeme hubeba jina la aliyetangulia kuingia, si la anayeilipa. Aliyetangulia ameshahamia Texas. Alimwachia chumba mdogo wake, mdogo wake akamwachia rafiki, rafiki akakuachia wewe pamoja na kochi na sufuria moja ya ugali. Kwa kampuni ya umeme wewe hujulikani. Wewe ni mkono tu unaotuma pesa. Kwa hiyo uamuzi unaotaka kuufanya, kwa kweli, si wako. Ufanye hivyohivyo. Lakini usimpigie simu mwenye jina kumwomba ruhusa, maana ataikumbuka ile deposti yake.

Pili, elewa unachoulizwa. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nenda polepole. Mwaka 1997 Massachusetts ilipitisha sheria iliyotenganisha kazi ya kuzalisha umeme na kazi ya kuusafirisha. Kampuni zenye nguzo na nyaya zikauza mitambo yao ya kuzalisha, na tangu Machi 1998 mteja ana haki ya kuchagua anunue umeme kwa nani. Ndiyo sababu bili yako ina mafungu mawili. Fungu moja ni gharama ya kuufikisha umeme nyumbani: nguzo, nyaya, transfoma, na wale vijana wanaopanda ngazi saa tisa za usiku theluji inapoangusha miti. Fungu la pili ni umeme wenyewe. Mpango wa jiji unagusa hili la pili tu. Nguzo zinabaki za National Grid kama uko Lowell au Worcester, za Eversource kama uko Boston. Mita ni ileile, bili ni ileile, na namba ya kupiga giza likiingia ni ileile. Kinachobadilika ni mstari mmoja kwenye bili, unaotaja jina la muuzaji ambaye hutamwona maisha yako yote.

Kwa aliyekulia kwenye tokeni za Kenya au LUKU ya Tanzania, hili litamsumbua. Kule nyumbani mambo ni mafupi: unatuma hela kwa simu, unapokea tarakimu ishirini, unazibonyeza kwenye mita, taa inawaka. Hakuna anayekuandikia barua kukuuliza ungependa taa iwake kwa mkataba wa nani. Usianze kuitamani hali hiyo mapema hivi. Bado hatujafika kwenye bei.

Zingatia pia kwamba fungu la kusafirisha, ambalo mara nyingi hufika nusu ya bili au kuipita, huulizwi chochote kulihusu. Utakesha juu ya fungu lile unaloruhusiwa kuchagua, na hili jingine utalilipa bila kulitupia jicho.

Na kama unakaa Shrewsbury, ng'ambo tu ya ziwa ukitoka Worcester, funga mwongozo huu ukalale. Mji huo una shirika lake la umeme, nguzo ni zake, na habari hii haikuhusu. Holyoke, Chicopee, Braintree na Reading ni vivyo hivyo. Sisi wengine tunashauriwa tusiwaulize wanalipa kiasi gani kwa uniti, kwa ajili ya kulinda udugu.

Tatu, tafuta mahali pa kutia sahihi ili ujiunge. Hutapaona. Geuza karatasi. Hapo pia hapapo. Kadi iliyomo ndani ya bahasha ni ya kukataa, si ya kukubali, kwa kuwa kukubali kumeshafanyika. Sheria inaliruhusu jiji kumwingiza kila mkazi anayetumia umeme wa kawaida wa kampuni, isipokuwa yule atakayesema hapana ndani ya mwezi mmoja hivi. Ni utaratibu wa mwari wa zamani: akiulizwa akanyamaza, amekubali, na wazee wanaendelea na pilau. Tofauti ni kwamba mwari alijua kuna arusi.

Usione kwamba umeharakishwa. Jiji lenyewe lilitafakari kwa kina. Baraza la Boston liliridhia wazo hili mwaka 2017, na wakazi wakaanza kupata umeme huo Februari 2021. Jiji lenye mawakili, wachumi na washauri lilihitaji zaidi ya miaka mitatu. Wewe mwenye zamu mbili na mtoto anayekohoa umepewa siku thelathini. Katikati ya hapo mpango ulipelekwa mbele ya wakaguzi wa jimbo, na mwananchi alipewa nafasi ya kutoa maoni. Hukutoa. Usijali, hukuchelewesha kitu.

Kadi ya kukataa iweke mahali salama sana. Ndiko itakakopotelea.

Nne, linganisha bei. Chukua kalamu, futa meza, wanyamazishe watoto. Bei ya jiji imeandikwa kwa senti kwa kila uniti, nayo imefungwa kwa muda wa mkataba, ambao unaweza kuwa miaka miwili au mitatu. Bei ya kampuni, kwa wale ambao hawajachagua chochote, hubadilika kila miezi sita: kampuni huenda sokoni, hununua, na kukuuzia kwa gharama ileile iliyonunulia, maana faida yake iko kwenye nyaya. Sasa linganisha bei ya miaka miwili na bei ya miezi sita. Ile miezi kumi na minane iliyobaki, bei yake haijulikani na mtu yeyote: si wewe, si meya, si kampuni, si muuzaji. Iandike hivyohivyo. Kila mtu huchukua bei ya leo, akairudia mara tatu, akapiga mstari chini na kuiita hesabu.

Wapo waliopiga hesabu hiyo majira ya joto ya mwaka 2022. Wateja wa National Grid ambao hawakuwa wamechagua muuzaji walikuwa wakilipa takriban senti 11.5 kwa uniti. Novemba mosi ikaingia bei mpya: senti 33.9. Nyumba inayotumia uniti 600 kwa mwezi, ambacho ndicho kipimo wanachopenda wakubwa wa jimbo wanapozungumzia familia ya kawaida, ikatoka dola 69 hadi dola 203 kwa umeme wenyewe tu, kabla ya kumlipa mwenye nguzo. Sababu ilikuwa mbali na Lowell. Nusu hivi ya umeme wa New England huzalishwa kwa gesi. Wakati wa baridi gesi hiyohiyo hugombewa na watu wanaopasha nyumba joto. Sehemu yake huletwa kwa meli. Na mwaka ule Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine, Ulaya ikawa inakimbilia kila meli yenye gesi. Msusi wa Lowell akaanza kulipia vita vya watu kupitia mashine ya kukaushia nywele.

Miji iliyokuwa imefunga bei kabla ya vita ilionekana kuwa na hekima ya Nabii Suleiman. Miji ambayo mikataba yake iliisha msimu uleule ilionekana imelala. Ukweli ni kwamba wote walikuwa wametia sahihi mikataba ya aina moja, kwa tarehe tofauti. Hekima na tarehe, katika biashara ya umeme, hupigwa picha pamoja na hakuna anayeweza kuzitofautisha.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, uko Ohio. NOPEC, muungano wa miji wa huko ulioanzishwa mwaka 2000, ni miongoni mwa mikubwa ya aina yake Marekani. Kazi yake ni kuwatafutia watu umeme nafuu kwa kununua kwa wingi. Agosti 2022 ulitangaza kwamba unawarudisha wateja wapatao 550,000 kwenye kampuni zao za zamani, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nafuu. Watu hao waliingizwa kwa kunyamaza na wakatolewa kwa kunyamaza. Wengi wao, naamini, hadi leo wanajiona ni watu wenye msimamo.

Chicago nayo wananchi walipiga kura ya ndiyo Novemba 2012; bei ya kampuni ya zamani ikashuka, nafuu ikayeyuka, na mwaka 2015 jiji likaufunga mpango. Columbus, ambako wenzetu wa Kongo wapo, wakazi walikubali umeme wa jiji kwa kura mwaka 2020. Kampuni ya nyaya ya huko inaitwa AEP Ohio. Muuzaji aliyechaguliwa na jiji anaitwa AEP Energy. Wote wawili ni watoto wa mama mmoja. Usiwacheke wa Columbus kabla hujasoma bili yako mwenyewe hadi mwisho.

Rudi sasa kwenye karatasi yako. Tuseme bei ya jiji ni nafuu kwa nusu senti. Uniti 600 mara nusu senti ni dola 3 kwa mwezi. Hizo ndizo ulizokeshea. Lile friza la ghorofa ya chini, linalonguruma usiku kucha likilinda samaki wawili na mfuko wa sukuma wiki tangu Pasaka, linakula zaidi ya hizo. Lakini friza usiliguse. Mama alilinunua, na kuna mambo hayajadiliwi katika nyumba ya watu.

Tano, shauriana. Huwezi kuamua jambo la jiji peke yako kama mtu asiye na kwao. Piga picha barua, uhakikishe kidole chako kimeziba mahali palipoandikwa bei, uitume kwenye kikundi cha WhatsApp. Majibu yatakuja kwa mpangilio ambao haujawahi kubadilika. Wa kwanza atasema ni utapeli. Wa pili atatuma sala ya asubuhi, hata kama ni saa mbili usiku. Wa tatu atasema alijitoa na bili ikashuka. Hatasema kwamba alijitoa Aprili, mwezi aliozima hita. Wa nne atasema alijiunga na bili ikapanda. Hatasema kwamba mwezi huohuo alipokea wageni watatu kutoka Eldoret waliokuja kwenye mahafali, na kwamba wageni hao walikuwa wakioga maji ya moto kwa dakika arobaini kila mmoja. Wa tano ataandika "Nifuate inbox," na huko inbox utakuta anauza bima. Kisha mwekahazina atakumbusha michango ya msiba, majina yataanza kupangwa na kiasi mbele yake, na barua yako itapanda juu isionekane tena.

Ukitaka jibu lenye maana, piga namba iliyoandikwa kwenye barua. Atapokea mtu wa kampuni ya ushauri inayouendesha mpango kwa niaba ya jiji. Kwa lugha yetu huyo ni dalali, na hakuna ubaya, dalali naye anakula: kwa kawaida sehemu ya kumi ya senti kwa kila uniti, na imeshatiwa ndani ya bei unayoisoma. Atakujibu vizuri, kwa adabu, bila haraka. Rudisha majibu yake kwenye kikundi. Hakuna atakayeyaamini, kwa sababu hana binamu pale.

Usiulize kikundini mara ya pili. Anayeuliza mara ya pili huteuliwa kuwa kamati.

Sita, chagua rangi ya umeme. Boston, kwa mfano, ina mipango mitatu: wa chini, wenye kiasi kile tu cha umeme wa jua, upepo na vyanzo vya aina hiyo kinachodaiwa na sheria ya jimbo; wa kati, ulioongezewa kidogo juu ya kiasi hicho; na wa asilimia 100. Usipochagua unawekwa katikati, mahali ambapo jiji linakuona ukipendeza. Usitarajie upepo upite kwenye soketi. Umeme wote wa New England humwagwa kwenye gridi moja, inayosimamiwa kutoka Holyoke, na pasi yako haina habari uliotoka gesi ni upi na uliotoka jua ni upi. Unachonunua ni cheti. Kila uniti 1,000 zinazozalishwa na mtambo unaostahili huzaa cheti kimoja, cheti huuzwa kando na umeme wenyewe, na muuzaji wako hukinunua kwa jina lako, kikafungwa daftarini kisiuzwe tena. Fedha humfikia mwenye mtambo, kwa hiyo jambo hili lina kichwa na miguu. Jaribu tu kumweleza mama mkwe aliyekuja kwa miezi mitatu, anayetaka kujua kwa nini umelipia umeme wa jua na nje kuna theluji. Ukichagua asilimia 100, lipa kimyakimya.

Saba, weka kikombe chini. Wiki hizohizo atakuja mtu kubisha hodi. Atakuwa kijana nadhifu, kitambulisho shingoni, tableti mkononi. Atasema amekuja kuhusu mpango wa umeme. Hatasema mpango wa nani. Atasema jirani wa ghorofa ya pili ameshasaini, na jirani wa ghorofa ya pili hukutani naye, yeye ni wa zamu za usiku, kwa hiyo huna pa kuhakikishia. Ataomba kuiona bili yako, "kuangalia tu kama unapata punguzo unalostahili."

Sisi tuna kanuni yetu hapo, kongwe kuliko gridi: mgeni hasimamishwi mlangoni. Utamkaribisha. Utampa chai ya maziwa yenye tangawizi, na kipande cha mkate wa kumimina kama kimebaki. Ataisifu chai. Atauliza jina la mtoto. Baada ya hapo kumnyima bili ni utovu wa adabu, nawe hukulelewa hivyo. Utaitoa kwenye ile droo yenye betri zilizokufa na menyu za Wachina, utaikunjua mbele yake, naye atapiga picha kona ya juu ilipoandikwa namba ya akaunti. Namba hiyo ndiyo ufunguo. Akiipata pamoja na ndiyo yako, umehamishwa kwenda kwa muuzaji binafsi, ambaye si jiji na hajawahi kuwa jiji. Bei ya miezi ya kwanza huwa tamu. Inayofuata hupanda bila kubisha hodi.

Mwaka 2018 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Massachusetts, wakati huo akiwa Maura Healey aliyekuja kuwa gavana 2023, ilitoa ripoti kuhusu watu waliosaini mmoja mmoja na wauzaji wa namna hii. Ndani ya miaka miwili walilipa takriban dola milioni 177 juu ya kile ambacho wangelipa kama wangebaki kwenye umeme wa kawaida wa kampuni. Familia za kipato cha chini zilikuwa zimesaini kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wengine. Healey alitaka biashara hiyo ya mlango kwa mlango na simu kwa simu ikomeshwe kwa wateja wa majumbani. Chai haikutajwa kwenye ripoti, lakini sisi tunajua.

Namna ya kumtambua ni rahisi mno, ndiyo sababu hutaikumbuka: mpango wa jiji hauna haja ya kubisha hodi, umeshakuingiza.

Na kuna jambo lililojificha hapa ambalo inafaa ulijue hata kama halitakusaidia. Yule aliyekwisha kusaini na muuzaji binafsi, akawa analipa bei ya juu, barua ya jiji haimwingizi. Sheria inauheshimu uchaguzi wake. Ni lazima apige simu mwenyewe, auvunje mkataba wake, asome kama una faini, ndipo aombe kuingia. Kwa maneno mengine, aliyekaa kimya anaokolewa na aliyehangaika anaheshimiwa. Ukijikuta unaheshimiwa, piga simu kesho asubuhi.

Kwa simu vilevile, usitamke ndiyo, hata ukiulizwa tu kama wewe ndiye mwenye akaunti. Bahati nzuri siye. Ni mara ya kwanza yule mtu wa Texas kukufaa.

Nane, kata shauri. Fanya hivyo siku ya ishirini na tisa, saa nne za usiku, kama wafanyavyo watu makini. Tafuta kadi. Tafuta kwenye droo ya betri. Tafuta ndani ya Biblia au chini ya msala, kutegemea nyumba. Utaipata bahasha ya kadi, yenyewe hutaipata. Hapo ndipo, kwa hasira, utaisoma barua yote kwa mara ya kwanza, na ukurasa wa pili utakuta aya iliyokuwepo siku zote: unaweza kutoka wakati wowote, bila ada. Ukitoka unarudi kwenye bei ya kampuni mita itakaposomwa tena. Hakuna faini, hakuna barua ya wakili, hakuna wa kukuuliza kwa nini.

Utauliza, basi ile tarehe ya mwisho iliyokukosesha usingizi ilikuwa ya nini? Ni tarehe ambayo jiji linapeleka majina kwa muuzaji. Wewe ilikuhusu kwa namna moja tu, nayo ni kukukosesha usingizi. California, kwa taarifa yako, hutuma matangazo yasiyopungua manne kwa kila mteja, mawili kabla ya kumwingiza na mawili baada, na watu wa huko nao wanashangaa.

Msimamo wa mwongozo huu, kwa kuwa umeuvumilia hadi hapa, ni huu. Kama bei ya jiji imefungwa, na haizidi ile ya kampuni kwa kiasi cha kuuma, baki ulipowekwa. Andika kwenye kalenda mwezi ambao mkataba wa jiji unaisha, maana bei itakayofuata inaweza kutangazwa kwenye tovuti ya jiji pasipo bahasha nyingine kukufuata nyumbani. Tazama bei ya kampuni kila inapobadilika. Hutaandika, na hutatazama. Mpango uliundwa na watu wanaolijua hilo, kwa ajili ya watu wasiotazama, na kwa kipimo hicho ni moja ya kazi za serikali zilizofaulu kabisa.

Kimebaki kitu kimoja ambacho hakimo kwenye barua. Kampuni ya nyaya, ndiyo hiyo National Grid au Eversource, hutoa punguzo kwa familia za kipato cha chini. Kujiunga na jiji hakuliondoi, na kujitoa hakuliongezi. Kwa anayestahili ni zaidi ya robo ya bili, wakati sisi tumekesha kwa ajili ya dola 3. Kama hupati msaada mwingine wa serikali unaokufikisha huko moja kwa moja, fomu unaiomba mwenyewe kwa kampuni, na anayejaza ni mwenye akaunti, kwa hiyo jina la kwenye bili itabidi libadilishwe kwanza. Punguzo hilo halina siku thelathini wala kadi. Na huko ukinyamaza, jibu ni hapana.